Mpini Uko Mfukoni Mwangu

Wanasema niliiba mpini wa vali. Sikuiba. Niliufungua kwa spana namba kumi na tatu, mchana kweupe, mbele ya watu tisa, wanne kati yao wamevaa tai, kisha nikautia mfukoni mwa koti langu la kazi. Mwizi gani anaiba hivyo? Barua ya mkurugenzi imeandika "upotevu wa kifaa". Hakijapotea. Mimi najua kilipo, na yeye anajua kilipo.

Ngoja nieleze kazi yenyewe kwanza, maana wengi wakisikia gesi wanafikiria jiko.

Gesi yetu ni ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Ukiibana sana na kuipasha joto kidogo, joto la mwili wa mtu tu, inageuka kitu kisichoeleweka. Si hewa, si maji, iko katikati, na ina uchu wa kunywa vimiminika. Tunaijaza kwenye silinda nene ya chuma tunayoiita Jungu mpaka presha ifike mia moja. Tairi la lori lina nane. Hapo Daktari, mtafiti wetu, anachukua protini yake iliyoyeyushwa, tunaipuliza mle ndani kupitia tundu jembamba kuliko la sindano. Gesi inakinywa kile kimiminika papo hapo, na protini inabaki peke yake, kavu, inaanguka kama vumbi. Chembe zake arobaini ukizipanga mstari mmoja hazizidi unene wa unywele. Lengo ni mgonjwa wa kisukari aivute dawa yake kwa pumzi, iingie mapafuni na kutoka hapo kwenye damu, bila kujichoma.

Mama yangu anajichoma mara mbili kwa siku, huu mwaka wa kumi na tisa. Mapaja yake yamekuwa magumu kama soli, siku hizi anatafuta mahali laini tumboni, na kila mara ananigeuzia mgongo nisione uso wake. Sijidanganyi kwamba vumbi letu litamwahi. Daktari aliniambia wazi kwamba kutoka Jungu mpaka duka la dawa ni miaka mingi. Lakini mtu akiniuliza kwa nini nilikaa katika chumba kile kisicho na dirisha miaka kumi na moja, jibu langu ni mapaja hayo.

Sina shahada. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye karakana ya mjomba, nikijaza mitungi ya kuzimia moto, ambayo nayo ina gesi hiyo hiyo. Mjomba macho yalimwishia taratibu, na miaka yake ya mwisho alikuwa anajaza mitungi kwa kusikiliza. Alinifundisha hivyo hivyo. Gesi ikitoka vizuri inanong'ona, ikitoka haraka inafoka, ikiwa na unyevu inakohoa. Nilipoajiriwa kwenye ile taasisi walinipa geji yenye uso wa kioo na kitabu cha kuandikia, nami nikavipokea kwa heshima zote, nikaendelea kusikiliza. Wenzangu wakanibandika jina: Mama Sikio. Nililipenda. Nalitaja kwa sababu nasimulia haya bila kumkwepa mtu, nikiwemo mimi.

Sehemu ngumu si kupuliza. Ngumu ni kutoka. Vumbi likishaanguka unalisafisha kwa gesi mpya saa mbili, kisha unaiachia gesi yote itoke, kidogo kidogo, saa tatu nzima, kwa vali moja yenye mpini mwekundu. Ukiiachia kwa pupa, Jungu linapoa ghafla, mabaki ya kile kimiminika yanageuka umande na kulirudia vumbi. Unafungua unakuta mabonge. Protini ikishashikana hivyo imekufa, haimsaidii mtu yeyote.

Mwaka huu tulipata mabonge mara tatu mfululizo.

Mara ya kwanza tulisema bahati mbaya. Mara ya pili Daktari alibadilisha kila kitu cha upande wake. Yeye ndiye anayeizalisha ile protini, kwenye vyombo vya kioo vyenye hamira maalumu, analala na kuamka navyo kama mtu mwenye mapacha. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, na tangu siku ya kwanza ananiita shangazi. Mara ya tatu alikaa chini sakafuni pale pale mbele ya Jungu, amevaa glavu zake, akalia bila sauti. Miezi minane ya kazi. Iliyobaki kwenye friji ilikuwa ya kutosha mara moja tu.

Mkurugenzi akatuita ofisini. Ofisi yake iko ukuta mmoja na chumba chetu, ina zulia na saa inayocheza muziki. Hakutukaribisha viti.

"Alhamisi wafadhili wanakuja," alisema, akimwangalia Daktari. "Wataona mara ya nne. Ikiharibika, nafunga chumba. Kuna kampuni ya manukato inaitaka ile silinda, wataitumia kukamulia maua. Na wewe, dada, itabidi ukatafute kwingine. Protini yako haivumilii. Mashine haina tatizo, fundi hana tatizo. Nimebakiwa na nani?"

Daktari aliinamisha kichwa. Mimi nilinyamaza, na ule ukimya wangu naujutia mpaka leo, kwa sababu aliposema fundi hana tatizo nilijisikia vizuri. Nasema ukweli. Kichwa kilinivimba.

Jumapili yake nilikwenda kwa mama. Jirani anajenga, vumbi la saruji limejaa kila mahali, na mama alikuwa ameifunika redio yake kwa kitambaa kizito alichokikunja mara mbili. Mimi sikukitilia maanani. Nikawasha, nikazungusha kitufe mpaka nikasikia sauti kwa kiasi kile nilichozoea, nikaenda zangu jikoni. Mara mama akaja, akakiondoa kile kitambaa ili apanguse. Redio ikapiga kelele mpaka sufuria zikatetemeka.

"Wewe nawe," alisema mama, ameziba masikio. "Umefungua mpaka mwisho. Ulikuwa huoni imefunikwa?"

Nilibaki nimeshika kijiko. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Miezi kadhaa nyuma mkurugenzi alilalamika kwamba gesi yetu ikitoka nje kupitia bomba inamharibia mazungumzo ya simu kwa kelele. Akaleta watu, wakafunga sanduku la bati lenye sufi mwishoni mwa bomba, la kumeza kelele. Nilifurahi hata, nikasema afadhali tupumzike masikio. Kumbe tangu siku ile nilikuwa nasikiliza redio iliyofunikwa. Nilikuwa nafungua vali mpaka nisikie ule mnong'ono wa mjomba, na ili mnong'ono upenye kwenye sufi ilibidi gesi itoke karibu mara mbili ya mwendo wake.

Jumatatu nilifika kabla mlinzi hajanywa chai yake. Nikafunua kitabu. Kabla ya sanduku: saa tatu, saa tatu na dakika tano, saa tatu kasoro kidogo. Baada ya sanduku: saa moja na dakika arobaini, mara zote tatu. Mwandiko wangu. Na pale katikati, panapotakiwa presha iandikwe kila baada ya dakika tano, nilikuwa nimechora mstari tu, miaka yote. Mama Sikio ana haja gani na geji? Nikakumbuka kwamba niliona kazi inaisha mapema, na badala ya kujiuliza nikajisifu kwamba mkono wangu umekuwa mwepesi.

Daktari alipoingia nilimwambia hata kabla hajatundika mkoba. Sikupamba. Nilimwonyesha kurasa.

Alisoma, akafunga kitabu, akakifungua tena. "Miezi minane, shangazi," alisema.

"Najua."

"Nilimwaga mbegu yangu ya hamira nzuri kuliko zote kwa sababu nilidhani ni mimi. Nilimwandikia mama yangu kwamba pengine kazi hii siiwezi."

"Najua, mwanangu. Nitukane."

Hakunitukana, na ingekuwa nafuu angenitukana. Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono kwa muda mrefu, mikono ambayo haikuwa michafu. Aliporudi alivuta kiti akakiweka mbele ya geji. "Alhamisi utakaa hapa," alisema. "Uniandikie kila dakika tano. Kila moja. Usisikilize kitu."

"Sitasikiliza."

Nilikwenda kwa mkurugenzi kumwomba alitoe sanduku. Nikaanza kumweleza, akainua kiganja. "Mama, siku ya wageni unataka bomba lifoke? Liache." Hakuuliza kwa nini. Basi, nikaliacha. Kwa geji, sanduku liwepo lisiwepo ni mamoja.

Alhamisi tulipuliza asubuhi na mapema. Daktari alikuwa ameshika chupa ya mwisho kwa mikono miwili. Protini yote ikaingia, pampu haikukohoa, saa mbili za kusafisha zikaisha, na saa tano na dakika kumi nikaanza kuachia. Presha mia. Nikaandika. Tisini na saba na kitu. Nikaandika. Kiti kilikuwa kigumu na masikio yalikuwa yananiwasha. Gesi ilikuwa inatoka polepole mno kiasi kwamba kupitia lile sanduku nilikuwa sisikii chochote, na kila neva mwilini mwangu iliniambia vali imeziba, fungua kidogo. Nilikaza meno. Miaka thelathini ya kuamini kitu kimoja haitoki mwilini kwa siku tatu.

Wageni walitakiwa saa tisa. Saa sita na nusu mlango ukafunguliwa na mkurugenzi akaingia nao, sita, wamevaa vile vikofia vya karatasi vinavyomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Katibu wake nyuma, ameshika kamera. Presha ilikuwa hamsini na sita.

"Hii ndiyo silinda," alisema mkurugenzi kwa sauti ya harusini. "Na mmebahatika, mtashuhudia ikifunguliwa. Mama, fungua."

"Saa nane na dakika kumi," nilisema, macho kwenye geji.

Akacheka ili nao wacheke. "Fundi wetu ana utani. Wageni wana safari, mama. Malizia hiyo gesi."

"Sina utani. Nikiimalizia sasa mtaona mabonge. Kama ni mabonge mnataka, yapo kwenye kabati, ya aina tatu."

Daktari alinikazia macho, akatikisa kichwa kidogo, sijui alikuwa ananikataza au ananitia moyo. Mkurugenzi akanisogelea, akateremsha sauti. Harufu ya manukato yake ilinifikia kabla ya maneno. "Usinitie aibu mbele za watu. Fungua, au nafungua mwenyewe."

Akanyoosha mkono kuelekea ule mpini mwekundu.

Hapo ndipo nilipofanya ninachosemwa. Spana ilikuwa mapajani. Nikaitia kwenye nati ya mpini, mizunguko mitatu, ukatoka, nikautumbukiza mfukoni. Pakabaki shina la chuma lenye ukubwa wa kidole, ambalo huwezi kulizungusha kwa mkono mtupu hata uwe nani. Mimi nililizungusha kwa spana, kiasi cha unywele, kwa sababu dakika tano zilikuwa zimetimia. Nikaandika hamsini na tatu.

Mkurugenzi alikuwa bado amenyoosha mkono.

"Unajua unacheza na nani?" alisema, na sasa hakuteremsha sauti.

"Najua. Na kwa kuwa wageni wapo, acha niseme mara moja." Nikageuka kidogo, jicho moja likabaki kwenye geji. "Mara tatu zilizoharibika mmeambiwa protini ya huyu binti haivumilii. Si kweli. Niliziharibu mimi. Nilikuwa naachia gesi kwa kusikiliza, badala ya kusoma hii geji hapa. Bomba likawekewa sanduku la kumeza kelele, mimi nikapotea, na sikupotea mara moja, nilipotea mara tatu kwa kiburi. Kitabu kipo, mwandiko ni wangu. Protini yake haina kosa lolote. Vumbi lililomo humu ndani ni lake, na Jungu halifunguliwi kabla ya saa nane na dakika kumi."

"Mmesikia wenyewe," mkurugenzi akawaambia wageni, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Amekiri. Mama, kuanzia sasa hivi huna kazi hapa."

"Sawa," nilisema. "Nitaondoka saa nane na dakika kumi."

Mmoja wa wageni alikohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Alikuwa mama mtu mzima, mvi tupu chini ya kile kikofia. Akauliza kama kuna kiti kingine. Daktari akampa ndoo iliyopinduliwa, maana viti vilikuwa viwili tu, na yule mama akaketi juu yake na sketi yake nzuri. "Nendeni mkale," aliwaambia wenzake. "Mimi nitasubiri na hawa."

Wakaenda. Mkurugenzi alisimama mlangoni, akaondoka, akarudi, akaondoka. Yule mama hakunihoji. Mara moja tu aliuliza kwa nini naandika namba ambazo kila mtu anaziona, nikamjibu kwamba kuziona nilikuwa naziona miaka yote. Akatikisa kichwa, akaendelea kusubiri.

Saa nane na dakika kumi sindano ya geji ikalala kwenye sifuri. Mistari thelathini na saba kwenye karatasi, hakuna hata mmoja niliouruka. Nikalegeza boliti nane za kifuniko, Daktari akakiinua.

Vumbi lilikuwa limejaa kwenye chujio la chini, jeupe, limetulia. Daktari alilisogelea akiwa ameziba pumzi. Alipoligusa kwa ncha ya kijiko likainuka lenyewe, likaelea, likakataa kushuka. Hakuna bonge hata moja. Nilitaka kusema kitu cha maana, lakini nilichosema ni, "Usipumue." Yeye akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na yule mama mwenye mvi akasimama kutoka kwenye ndoo akavua kile kikofia.

Nikanawa mikono, nikachukua mkoba wangu. Koti nililisahau kulivua, na mpini ulikuwa ndani yake.

Vipimo vilitoka Jumanne. Chembe zilikuwa ndogo, zinazolingana, na protini ilikuwa hai. Chumba hakikufungwa. Kampuni ya manukato imeambiwa ikakamue maua kwa njia nyingine. Daktari amepata msaidizi na friji mpya. Mimi unga wangu ulimwagika kama nilivyoahidiwa, kwa barua yenye muhuri. Siku kumi baadaye ikaja barua ya pili: wale wageni wameuliza habari zangu, kwa hiyo taasisi iko tayari kunirudisha, kwa masharti mawili. Nirejeshe mpini. Na niandike kwamba naomba radhi kwa "kukaidi agizo siku ya Alhamisi".

Nilimsomea mama. Alikuwa anajichoma, amenipa mgongo.

"Utaandika?" aliuliza.

"Ya mara tatu nilishaikiri mbele za watu. Ya mara ya nne siandiki."

"Na kazi?"

"Nimerudi kwenye mitungi ya kuzimia moto, mama. Mjomba hayupo lakini karakana ipo."

Akatoa sindano, akabonyeza pamba. "Basi usiandike," alisema. "Huo mpini wanaweza kununua mwingine."

Ndivyo walivyofanya, na dukani ipo tele. Huu wangu hawatauona. Nilichowapelekea, kwa mkono wa Daktari, ni nakala safi ya ile karatasi: mistari thelathini na saba, saa na presha, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa kwamba kwa karatasi hii hata kiziwi ataweza.

Jana saa tano na nusu simu ikaita karakanani. Alikuwa Daktari, peke yake mbele ya Jungu, na mara ya tano ilikuwa inaachiwa. Mkono wake ulikuwa kwenye ule mpini mpya. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Shangazi, wamelitoa lile sanduku. Hebu nisikilizie, naogopa. Nakuwekea simu igusane kabisa na bomba."

Nikaziba sikio la pili. Ikaja, kupitia simu, ile sauti niliyokaa nayo miaka thelathini. Nilifumba macho. Ilikuwa inatoka haraka. Nilikuwa na hakika, ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba inatoka haraka, na maneno yalishafika mdomoni: funga kidogo.

"Geji inasemaje?" nilimuuliza.

"Themanini na tisa."

Nikatazama nakala nyingine niliyoibandika ukutani, juu ya mitungi. Saa tano na nusu: themanini na tisa.

"Basi usinisikilize mimi," nilimwambia. "Andika, uendelee."